Kamashini Ndani ya Mukebe

Docteur Anne-Marie alifika ku shantie yetu ya kujenga asubuhi moja ya mwezi wa tatu, na sanduku ya plastiki ya bluu mukononi. Bienfait, mupiga rangi mumoja wetu, akafikiri amekuja kuuzisha mandazi, akamuuliza bei. Docteur akafungua sanduku. Ndani mulikuwa tumashini tutatu, kila kamoja na ukubwa wa telefone ndogo ya matoshi, ya kubonyeza.

«Hii haikuliwake,» akasema. «Lakini yenyewe itakula hewa yenu siku yote.»

Tulikuwa tunajenga hangari ya chuma Nyalukemba, chini kabisa, karibu na ziwa, ya kuweka mizigo ya mashua za Idjwi. Pale kutu inakula chuma mbio. Mwenye hangari akaleta rangi ya nguvu, ile inakujaka mu mikebe miwili: mukebe mukubwa wa rangi yenyewe, na mukebe mudogo wa dawa ya kukaushia. Mimi njo nilikuwa ninachanganya. Vipimo vine vya rangi, kipimo kimoja cha dawa, unakoroga mpaka mukono unachoka, kisha unapelekea wapiga rangi. Walikuwa watatu. Papa Télesphore na Bienfait walipiga kwa pistole ya kupulizia rangi, na Élie alifuata na burashi ku pembe na ku vichwa vya buloni za kukaza chuma.

Papa Télesphore ni mudogo wa baba yangu. Baba alikufa nikiwa mwaka wa sita wa primeri, kule Nyantende. Papa Télesphore akakuja ku matanga, akabeba matandiko yangu ku bega, akasema twende. Toka siku ile ninakaa kwake na kwa bibi yake, maman Eulalie. Kazi ya shantie ni yeye alinitafutia. Kumwita baba mudogo ao tonton, sijawahi. Ni papa.

Docteur alitukusanya akaeleza. Hakuongea kama mutu wa chuo, ijapokuwa chuo njo kilimutuma.

«Hii dawa ya kukaushia, harufu yake si mbaya sana, njo maana inadanganya. Mukiivuta sana, kifua inaanza kufunga. Siku moja mutu anaisikia kidogo tu, na pumzi inakatika. Mimi sijue kama hapa kwenu iko mingi ao kidogo. Njo nimekuja kupima.»

«Sisi tunakunywaka maziwa, Docteur,» Bienfait akasema. «Maziwa inasafisha.»

«Maziwa inaenda ku tumbo. Wewe unavutaka hewa na tumbo?»

Élie akacheka mpaka akakohoa. Papa Télesphore hakucheka. Alikuwa anaangalia kamashini ginsi unaangalia mutoto wa mutu mwingine ambaye wamekupa umubebe. Docteur akamufungia kake ku mukaba. Mupira mwembamba ulipanda mugongoni mpaka ku kola, na mwisho wa mupira kulikuwa kasanduku kadogo kenye karatasi nyeupe ndani, ya kunasa ile dawa. Kamashini kakaanza kuunguruma polepole.

«Musikatoe mpaka saa kumi,» Docteur akasema. «Hata ku choo, muende nako.»

Kisha akaniangalia. «Na wewe, dada, unajua kuandika?»

«Ninajua.»

Akanipa karatasi yenye majina matatu na visanduku vine: pistole, burashi, kuchanganya, pumziko. Kila robo saa niweke alama mbele ya kila mutu. Akaniachia na saa yake. Yeye alikuwa na shantie ingine ya kupima kule Kadutu.

Nilifanya ile kazi vizuri. Nilikuwa ninakoroga rangi na jicho moja, jicho lingine likiwa juu ya watu. Saa sita ikafika, mama wa chakula akaleta bugali, sombe na sambaza, tule tusamaki tudogo twa ziwa.

Papa Télesphore ana desturi yake, na wazee wengi wa kazi wanayo. Hakai mbele ya bugali akiwa bado mu kazi. Anavua koti, anatoa mukaba, ananawa mikono na diluant ya kutoa rangi, kisha sabuni, kisha maji ya ziwa, njo anakaa. Anasema chakula si shantie. Ile siku akatoa koti, akatoa mukaba, na kamashini kakabaki mukononi mwake kanaunguruma. Akatafuta pahali pa kukaweka. Chini kulikuwa na muchanga. Ku dirisha watu wanapitaka, wanaiba hata vijiko. Akazunguka mara mbili. Kisha akaona mukebe mutupu wa dawa ya kukaushia, ule nilikuwa nimemaliza asubuhi. Akaugeuza kinywa chini, akaupiga ku kitako mara tatu. Akaingiza kamashini ndani na mupira wake, taratibu. Akafunga na kifuniko, akabonyeza pande zote na kidole gumba ili vumbi lisiingie. Akauweka chini ya mbao. Njo akakuja kula.

Mimi nilimuona. Nikaangalia karatasi yangu. Hakukuwa kisanduku cha ile kitu. Nikaweka alama ku pumziko, kwa sababu alikuwa anapumzika. Dakika makumi ine na tano. Alama tatu.

Kisha akarudi, akafungua mukebe, akafunga kamashini ku mukaba, akapanda ku mbao zake.

Saa kumi Docteur akarudi. Akauliza mumoja mumoja: «Ulikatoa?» Bienfait akasema hapana, alikula nako, hata sombe kamoja kalianguka juu yake. Élie akasema hapana. Papa Télesphore akasema: «Sikukatoa. Nilikachunga.» Na kwake, yote mbili ilikuwa kweli.

Majibu yalichukua wiki tatu, kwa sababu zile karatasi nyeupe zilitumwa mbali. Siku Docteur alirudi, injenieri Gaston, mukubwa wa shantie, alishuka mwenyewe kusikiliza. Docteur akabandika karatasi kubwa ku nguzo. Kila mutu alikuwa na munara wake wa kuchora, kipimo cha dawa aliyovuta, na katikati laini nyekundu. Chini ya laini, unaweza kufanya kazi. Juu ya laini, hapana.

Munara wa Élie ulifika nusu ya laini. Wa Bienfait uligusa karibu, lakini haukupita. Wa Papa Télesphore ulipita laini, ukapita kichwa cha karatasi, mpaka Docteur alikuwa ameongeza karatasi ingine juu na kubandika na skochi.

«Papa, ule ni gorofa, mujengo wa etaji,» Bienfait akasema. Kisha akaona uso wa Docteur, akarudi nyuma.

Docteur akauliza tena kama kamashini kalitoka ku mwili. Papa Télesphore akasema hapana, sauti yake ndogo. Kisha akamuuliza injenieri kama yeye na Bienfait walikuwa wanapiga pahali pamoja. Injenieri akasema ndiyo, ukuta moja, pistole ya aina moja, maski ya aina moja.

«Basi sielewe,» Docteur akasema. «Lakini siwezi kumuacha apige rangi na namba kama hii. Apimwe kifua ku hospitali. Na mpaka tujue, asikaribie hii dawa.»

«Umesikia, Papa Télesphore,» injenieri akasema. «Rudi nyumbani. Sina chuki na wewe. Lakini siwezi kubeba kifo ya mutu.»

Papa Télesphore akakunja maski yake mara mbili, akaiweka ku mufuko. Nilikuwa nyuma yake. Niliona shingo yake, ginsi ilivyobadilika rangi. Maneno yalikuwa ku ulimi wangu. Lakini alikuwa amesema hapana mara mbili mbele ya watu, na mimi ni mutoto wake. Mutoto hasimame mbele ya injenieri na kusema papa yangu amesema uongo. Na haukuwa uongo. Ningeanzia wapi kueleza?

Kule nyumbani maman Eulalie hakuuliza kwa nini amerudi mapema. Akamupa kiti. Papa Télesphore akakaa na mukono juu ya kifua, kama mutu anayeshika mulango. Alijua mupiga rangi mumoja wa Kadutu, mutu wa umri wake, ambaye sasa anauzisha makala ya kupikia mbele ya nyumba kwa sababu hawezi tena kupanda ngazi tatu. Alikuwa anamuongelea mara nyingi. Ile jioni hakumutaja. Akaanza kukohoa. Wiki ile yote hakuwa amekohoa.

«Toka lini unakohoa?» maman Eulalie akauliza.

«Toka leo.»

Maman Eulalie alipoingia ndani, papa akaniita ku kibaraza. Akasema atanifundisha pistole, kwa sababu injenieri atatafuta mutu, na ni heri iwe mutu wa nyumba. Akaanza kueleza presio ya hewa, ginsi ya kusafisha pua ya pistole. Alikuwa anaeleza vizuri sana, polepole, sawa mutu anagawa vitu vyake.

«Papa,» nikasema. «Ile siku, saa ya kula, uliweka kamashini mu mukebe.»

«Nilikachunga. Kilikuwa kitu ya bei.»

«Mukebe ulikuwa wa dawa ya kukaushia.»

«Ulikuwa mutupu.»

«Ulikuwa mutupu wa kumimina, papa. Chini kulibaki ile mafuta yake inanata. Na wewe ulifunga. Kamashini kakavuta hewa ya mulemule ndani, dakika makumi ine na tano.»

Nilisikia maman Eulalie anaacha kusugua sufuria ndani ya nyumba. Papa Télesphore aliangalia mikono yake, akageuza kidole gumba, kile alichobonyezea kifuniko.

«Kwa hiyo si mimi niliivuta.»

«Sijue, papa. Lakini ile munara si yako yote. Ingine ni ya mukebe.»

Nilifikiri atafurahi. Akasimama, akatembea mpaka ku mulango, akarudi.

«Na injenieri atasema nini? Télesphore, miaka makumi mbili ku rangi, anafungia kamashini ya watu mu mukebe kama sambaza za kubeba ku safari. Bienfait ataniimbia mpaka Pasaka. Ao batasema nilifanya kwa makusudi, nipate kulipwa ugonjwa. Acha.»

«Lakini papa, batakutoa ku kazi.»

«Nimesema acha, Mapendo.»

Nikaacha. Yaani nikaacha kuongea. Maman Eulalie akatoka na sufuria mukononi, akamuangalia yeye, akaniangalia mimi, akarudi ndani. Lakini nilimujua. Akitaka unyamaze, maman Eulalie anakutumaka dukani. Ile jioni hakunituma.

Nililala nikifikiri ile karatasi. Kuna kitu papa hakukataza. Alinikataza kusema kosa lake. Kosa langu mwenyewe hakulikataza.

Asubuhi nilifika ku shantie mbele ya wote. Docteur alikuwa amekuja kuchukua maski za kupima. Nikamusalimu, nikangojea amalize kuzifunga mu masashi ya plastiki, kwa sababu mutu anayehesabu hasemeshwe.

«Docteur, karatasi yangu ya ile siku iko na kosa.»

«Kosa gani, dada?»

«Niliandika pumziko. Sikuandika kamashini kalikuwa wapi saa ya pumziko.»

Akaacha masashi. «Kalikuwa wapi?»

Sikumujibu kwa maneno. Nikaenda ndani ya hangari, nikaleta mukebe. Ulikuwa bado chini ya mbao, na kifuniko chake. Nikamupa. Akafungua, akaweka pua mbali kidogo, akarudisha kifuniko mbio. Macho yake yalitoka maji.

«Ndani ya hii? Imefungwa?»

«Ndiyo, docteur. Kwa heshima. Aliogopa vumbi na wezi. Hapa watu hawakuli na vitu vya kazi ku mwili.»

«Dakika ngapi?»

«Alama tatu za karatasi.»

Docteur akakaa juu ya sanduku yake ya bluu. Nilingojea anikemee. Akatoa karatasi mupya mu mufuko, ile yenye visanduku vine, akaiangalia.

«Hii karatasi niliiandika mimi,» akasema. «Mu chuo, tukiwa watu tano mu biro. Hakuna hata mumoja alijiuliza watu wanakula ginsi gani.» Akachora kisanduku cha tano na kalamu. «Kosa ni yangu. Mwambie papa yako arudi kesho. Si kupiga rangi kama zamani. Apige siku moja tu, tumupime tena.»

Injenieri Gaston alisikia yote, kwa sababu alikuwa amefika akasimama nyuma ya nguzo. Akasema: «Mukebe?» Kisha akasema tena: «Mukebe.» Na akaenda zake akitikisa kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Kumuambia papa njo ilikuwa kazi. Nilimuambia mbele ya maman Eulalie, makusudi. Nikasema Docteur amegundua kosa ku karatasi yake mwenyewe na anaomba msamaha, apime tena. Kila neno lilikuwa kweli. Papa Télesphore akaniangalia. Alijua ni mimi nilisema. Maman Eulalie akamuletea nguo safi ya kazi, akaiweka juu ya magoti yake.

«Ukiitwa, unaenda,» akasema.

Siku ya pili Docteur alifunga tumashini tune. Ka ine akanifungia mimi.

«Mimi sipige rangi,» nikasema.

«Wewe njo unafungua mikebe. Nilikosa kukuona mara ya kwanza. Niliona mutu wa kushika kalamu, basi.»

Bienfait alijua habari ya mukebe kabla ya saa mbili. Ku shantie habari haivae viatu. Kila mara Papa Télesphore akipita, alikuwa anafunika kitu: chupa ya maji, kofia ya Élie, hata mukono wake mwenyewe.

«Ninachunga, papa. Vumbi.»

«Chunga na kinywa yako,» Papa Télesphore akamuambia, na akapanda.

Saa ya kula akavua koti kama kawaida. Akabaki na mukaba na mupira ku kola. Alikaa mbele ya bugali kama mutu aliyekaa ku harusi na viatu vya kukopa. Alikula kidogo, akageuza kichwa kila mara, kamashini kasionje. Lakini hakukatoa. Mimi nikaweka alama ku kisanduku cha tano: amevaa, amevaa, amevaa.

Kisha tukangojea. Siku kumi na moja. Wakati ule injenieri alimuweka Papa Télesphore ku kazi ya kusugua kutu na burashi ya chuma, mbali na rangi, na ku hospitali wakamupulizisha mu mupira mara tano. Waliandika kifua kizuri, lakini walisema kifua kizuri cha leo hakitoshi, tungojee namba. Papa hakukohoa tena mbele yetu. Saa zingine nilimuona anapumua ndani sana, peke yake, na anashikilia, sawa mutu anajaribu kamba kama itabeba.

Docteur alituma majibu ku telefone ya injenieri siku ile ya kumi na moja, saa tatu. Injenieri akaita kila mutu. Hakubandika kitu. Akapitisha telefone toka mukono mpaka mukono, na ilipofika kwa Papa Télesphore, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, kisha akanipa mimi.

«Soma wewe. Macho yangu.»

Minara ilikuwa mine. Nilitafuta jina lake. Nikafuata munara wake na kidole toka chini, na kidole kikasimama mapema.

«Uko chini ya laini, papa. Uko chini ya Bienfait.»

«Chini ya mimi?» Bienfait akasema. «Hapana, ile telefone imeharibika.»

«Soma tena,» papa akasema.

Nikasoma tena. Nikasoma jina, nikasoma namba, nikamuonyesha laini. Akaweka kidole chake kinene pale, picha ikakimbia, nikairudisha. Akaangalia mpaka sikio lake likagusa langu.

«Na ule wa mwisho ni wa nani?»

Ulikuwa wangu. Haukupita laini, lakini uliigusa kwa kichwa. Docteur alikuwa ameandika chini: anayechanganya afanyie nje, upande wa upepo, na maski ya kweli, siyo kitambaa. Injenieri alisoma ile kwa sauti. Papa Télesphore hakungojea injenieri aagize mutu. Akashika meza yangu upande moja, akamuambia Bienfait ashike ingine, wakaibeba mpaka nje, pale upepo wa ziwa unapita moja kwa moja. Akaipima na mukono kama haitikisike. Akaweka jiwe chini ya muguu moja.

«Hapa,» akasema. «Na usirudi mule ndani na mikebe wazi. Nikikuona, nitakupeleka kwa maman yako.»

Kisha akatoa telefone yake, akasimama kando. Nilikuwa ninafungua rangi, nikasikia.

«Eulalie. Ni mimi. Kifua yangu iko sawa.»

Alingojea. Akaangalia telefone kama imekatika, akairudisha ku sikio.

«Eulalie?»

Nilisikia sauti ya maman, nyembamba, mbali, inatoka ku telefone. Ilikuwa inaongea polepole, na papa alikuwa anaitikia: ndiyo, ndiyo. Alipomaliza, alibaki amesimama na mugongo kwangu, anaangalia maji.

«Anasema nini, papa?»

«Anasema nipitie kununua mafuta na chumvi. Na nisikawie.»

Akapangusa uso na mukono wa nguo. Akachukua pistole, akaisafisha pua ginsi alivyonifundisha, na akapanda ku mbao, akiniitia rangi.